Tom Mboya: Kijana aliyeipangia Kenya kesho asiyoiona

MWEZI wa Septemba mwaka wa 1959, ndege ya kukodi ilitua jijini New York, Marekani, ikiwa imewabeba vijana 81 kutoka Kenya. Nyuma yao walikuwa wameacha wazazi, majirani na wanakijiji waliokuwa wamekusanyika kwenye karamu za chai wakichanga shilingi moja moja ili mtoto wao asiende ugenini mikono mitupu. Mbele yao kulikuwa na vyuo ambavyo wengi walivijua kwa majina tu, katika nchi ambayo baridi yake hawakuwa wameionja.

Aliyekuwa amezunguka Marekani mapema mwaka huo akiwatafutia nafasi hizo alikuwa ametimiza umri wa miaka 29 mwezi mmoja tu uliotangulia. Thomas Joseph Mboya hakuwa amesomea shahada yoyote. Masomo yake mwenyewe yalikuwa yamekatizwa na uhaba wa karo.

Wakati huo Kenya ingali koloni la Mwingereza. Mzee Jomo Kenyatta alikuwa bado amezuiliwa kaskazini mwa nchi, na hakuna mtu mwenye mamlaka aliyekuwa ametaja tarehe ya uhuru. Hata hivyo, Mboya alikuwa amepiga hesabu ya siku ile ambayo mkoloni angeinuka kitini na mtu mwingine angetakiwa kukikalia. Aliiona hesabu hiyo haitoshi. Chuo cha Makerere nchini Uganda, kilichotegemewa na Afrika Mashariki nzima, kiliwachukua Wakenya wachache kila mwaka, na kile cha ufundi cha Nairobi kilikuwa kimefungua milango mwaka wa 1956 tu. Endapo taifa lingengoja uhuru ndipo lianze kuwasomesha madaktari, wahandisi na wachumi wake, lingekuwa huru kwa bendera na tegemezi kwa kila jambo jingine.

Mtoto wa shamba la mkonge

Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930, Kilima Mbogo karibu na Thika, katika shamba la mkonge la mlowezi wa Kizungu. Babake, Leonardus Ndiege, alikuwa nyapara hapo. Mamake aliitwa Marcella. Asili ya familia ilikuwa kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, lakini mtoto alikulia miongoni mwa wafanyakazi wa makabila mengi, akajifunza Kikamba na Kiswahili sambamba na Kijaluo. Wanasiasa waliokuja kushindana naye Nairobi miaka mingi baadaye walitambua uzito wa malezi hayo, kwani alikuwa mmoja wa wachache walioweza kuomba kura bila kuegemea kabila.

Alisomea shule za misheni za Kikatoliki: Kabaa huko Machakos, kisha Yala katika Nyanza, na hatimaye Mang'u. Nyumbani kulikuwa na wadogo waliongojea zamu yao ya kusoma, na mshahara wa nyapara haukuweza kuwabeba wote. Mwaka wa 1948 alijiunga na chuo cha kuwafunza wakaguzi wa afya jijini Nairobi kwa sababu mafunzo hayo hayakumdai karo, bali yalimpa posho. Alihitimu mwaka wa 1950 na kuajiriwa na Baraza la Jiji kama bwana afya.

Kisa kimoja cha siku hizo alikisimulia mwenyewe baadaye katika kitabu chake cha mwaka wa 1963. Alikuwa peke yake katika maabara akipima maziwa, mwanamke wa Kizungu akaingia na chupa yake, akatazama huku na huku, kisha akauliza kama hapakuwa na mtu. Mboya alikuwa amesimama mbele yake. Wakaguzi wa Kiafrika walilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa wenzao wa Kizungu kwa kazi ile ile, na haikuchukua muda kabla kijana huyo kuanza kuwakusanya wafanyakazi wenzake katika chama. Kufikia mwaka wa 1952 alikuwa ameunda Chama cha Wafanyakazi wa Serikali za Mitaa.

Kisha hali ya hatari ikatangazwa, Oktoba 20, 1952. Kenyatta na viongozi wengine wa chama cha KAU walikamatwa. Wakubwa walipotiwa ndani, vijana walijikuta mstari wa mbele bila kutarajia. Mboya, akiwa na umri wa miaka 22, alipewa kushikilia hazina ya KAU. Chama hicho kilipigwa marufuku mwaka wa 1953, na mwaka huo huo akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Kwa kipindi kirefu ambapo siasa za Waafrika zilifungwa mdomo, shirikisho hilo ndilo lililobaki likisema. Lilisema juu ya mishahara, juu ya waliozuiliwa, na juu ya familia zilizohamishwa kwa nguvu katika msako wa Nairobi wa Aprili 1954.

Machi 1955 makuli wa bandari ya Mombasa waligoma. Mboya aliteremka pwani, akawashawishi warejee kazini huku madai yao yakisikilizwa, na hatimaye wakapata nyongeza ya asilimia 33. Kuanzia hapo jina lake lilijulikana hata kwa watu ambao hawakuwahi kumwona.

Alipata ufadhili na kusoma kwa mwaka mmoja katika Chuo cha Ruskin, Oxford, kati ya 1955 na 1956. Aliporejea alikuta mkoloni ameandaa uchaguzi wa kwanza wa wawakilishi wa Kiafrika. Machi 1957 alimshinda wakili Clement Argwings-Kodhek na kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria kuwakilisha Nairobi, akiwa na umri wa miaka 26. Waafrika waliochaguliwa walikuwa wanane pekee, miongoni mwao Jaramogi Oginga Odinga, Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi. Mwaka uliofuata, Desemba 1958, Mboya ndiye aliyeongoza kikao cha mkutano wa mataifa yote ya Afrika jijini Accra, Ghana. Waliokuwa wakimsikiliza wengi wao walikuwa wakubwa wake kwa umri.

Ndege za wanafunzi

Ziara yake ya Marekani ya mwaka wa 1959 haikuwa ya kwanza. Alikuwa amekwenda huko mwaka wa 1956 na kufahamiana na mfanyabiashara kijana, William Scheinman. Wawili hao walikubaliana jambo lililoonekana kama ndoto: kuviomba vyuo vya Marekani nafasi za bure, kisha kutafuta nauli kwa wahisani. Mboya alihutubia makumi ya mikutano katika vyuo, makanisa na kumbi za wafanyakazi. Wakfu wa wanafunzi wa Kiafrika ulioundwa kwa ajili hiyo ulipata majina makubwa ya kuusaidia kuomba fedha, wakiwemo mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier.

Nyumbani alisaidiana na Julius Gikonyo Kiano, Mkenya wa kwanza kupata shahada ya uzamifu, na Kariuki Njiiri. Barua za maombi zilimiminika kutoka kila pembe. Serikali ya kikoloni haikufurahia. Ilidai kwamba elimu ya Marekani ni hafifu na kwamba vijana wanapelekwa kwenda kuhangaika. Ukweli ni kwamba hofu yake ilikuwa nyingine. Mkoloni alikuwa amezoea kuamua ni Waafrika wangapi wangesoma, wangesoma nini, na lini. Ghafla amekuja karani wa vyama vya wafanyakazi anayeamua mambo hayo bila kumbishia hodi.

Mwaka wa 1960 nauli ikakosekana. Wizara ya mambo ya nje ya Marekani ilikuwa imekataa kusaidia. Julai 26, Mboya alikutana na Seneta John F. Kennedy, mgombea urais wa chama cha Democratic, nyumbani kwake Hyannis Port. Wakfu wa familia ya Kennedy uliahidi dola 100,000. Mara kambi ya Richard Nixon, mpinzani wa Kennedy, ilipopata fununu, wizara ile ile iliyokataa ikajitokeza na ahadi ya kiasi kicho hicho. Wenye mradi walichagua fedha za Kennedy, na suala la vijana wa Kenya likazua majibizano katika Bunge la Senate wakati wa kampeni. Ni nadra kwa vijana wa vijijini kutingisha siasa za taifa kubwa kiasi hicho kabla hata hawajafunga masanduku yao.

Karibu wanafunzi 300 walisafiri mwaka huo, baadhi wakitoka katika nchi jirani. Kufikia mwaka wa 1963 waliosafiri chini ya mpango huo walikuwa karibu 800.

Miongoni mwa waliosafiri mwaka wa 1960 alikuwamo msichana kutoka Nyeri, Wangari Muta, aliyekwenda kusomea biolojia katika chuo cha watawa mjini Atchison, jimbo la Kansas. Dunia ilikuja kumjua kama Profesa Wangari Maathai. Mwaka wa 1977 alianzisha vuguvugu la Green Belt la kupanda miti, mwaka wa 1989 akaizuia serikali ya KANU kujenga jumba refu katika bustani ya Uhuru Park, na mwaka wa 2004 akawa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani. KANU hiyo ndiyo iliyokuwa na Mboya kama katibu mkuu wake wa kwanza. Pamela Odede, binti ya mwanasiasa Walter Odede, alikuwa katika kundi la mwaka wa 1959. Alirejea na kufunga ndoa na Mboya Januari 1962.

Barack Obama, baba wa rais wa 44 wa Marekani, hutajwa mara kwa mara kuwa abiria wa ndege ya kwanza. Hilo si sahihi, kwani alisafiri kivyake kwenda Hawaii mwaka huo huo wa 1959, ingawa alikuwa rafiki wa Mboya na alipata kusaidiwa na mradi huo baadaye. Jina lake litarudi hapa chini, kwa sababu muhimu zaidi.

Waraka Nambari 10

Katika serikali ya mseto ya mwaka wa 1962 Mboya aliteuliwa kuwa Waziri wa Leba. Mwaka huo aliwaketisha waajiri na vyama vya wafanyakazi wakatia saini mkataba wa kusimamia uhusiano wao, mkataba uliodumu kwa miongo mingi. Mwaka wa 1963 alihamia Wizara ya Sheria na Masuala ya Kikatiba. Huko ndiko alikosimamia mabadiliko yaliyoufuta mfumo wa majimbo na kuifanya Kenya kuwa jamhuri Desemba 1964, mamlaka yote yakikusanywa Nairobi. Wakati huo wengi waliona ni hatua ya kuliunganisha taifa changa.

Baada ya hapo alikabidhiwa Wizara ya Mipango ya Kiuchumi na Maendeleo. Alikuwa na umri wa miaka 34. Mwai Kibaki, mchumi aliyeacha ualimu wa Makerere, alikuwa na miaka 33, naye alitumika kama waziri msaidizi. Ni vigumu kwa msomaji wa leo, aliyezoea mawaziri wenye mvi, kufikiria kwamba mustakabali wa taifa zima uliwekwa mikononi mwa watu wa umri huo. Nao hawakupewa wizara ya vijana wala ya michezo. Walipewa kalamu ya kuandika jinsi taifa litakavyoishi.

Matunda ya kalamu hiyo yalitoka mwaka wa 1965 kwa jina la Waraka wa Bunge Nambari 10, kuhusu ujamaa wa Kiafrika na matumizi yake katika mipango ya Kenya. Siasa zilikuwa zimechacha. Upande mmoja walikuwapo waliotaka ardhi na viwanda vitaifishwe, wakiwa karibu na Jaramogi Odinga. Upande wa pili walikuwapo waliohofia kwamba mwelekeo huo ungefukuza mitaji. Pio Gama Pinto, mpangaji mkuu wa upande wa kwanza, alikuwa amepigwa risasi na kuuawa Nairobi Februari 24 mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 37.

Waraka ulikataa ubepari wa Magharibi na ukomunisti wa Mashariki, kwa maneno angalau. Kwa vitendo ulilinda mali ya watu binafsi, ukakaribisha wawekezaji, na kushikilia kwamba uchumi lazima ukue kwanza ndipo pawepo cha kugawana. Rais Kenyatta aliutia dibaji na kutaka mjadala ukome hapo. Bunge liliupitisha.

Ndani yake mlikuwa na aya ambayo wakati ule haikuwashtua wengi. Ilieleza kwamba fedha za maendeleo, ili zizae haraka, zielekezwe katika maeneo yenye ardhi nzuri, mvua, barabara, umeme na watu walio tayari kupokea mabadiliko. Maeneo mengine yangefaidika baadaye kwa yale yaliyochumwa kwingine. Kwa mhasibu, hoja hiyo ina mantiki. Kwa mtoto atakayezaliwa Mandera, Turkana, Marsabit au Tana River, ilikuwa na maana kwamba barabara, hospitali na shule ya upili zitamfikia wakati ambao hakuna aliyeuandika. Nadharia ilitarajia utajiri utateremka kama maji. Maji hayo yalichukua muda mrefu mno, na mahali pengine hayajafika.

Mtu wa kwanza kuupinga waraka huo hadharani kwa hoja nzito za kiuchumi alikuwa kijana mwenzao. Barack Obama alikuwa amerejea kutoka Chuo Kikuu cha Harvard mwaka wa 1964. Katika jarida la East Africa Journal la mwaka wa 1965 aliuchambua waraka sehemu kwa sehemu. Aliuliza ni vipi uchumi ungeitwa wa Kiafrika ilhali biashara na viwanda vikubwa vilikuwa mikononi mwa Wazungu na Waasia. Alihoji iwapo hatimiliki za mtu mmoja mmoja zilikuwa njia bora kuliko ushirika, na akaonya juu ya matabaka ambayo mpango huo ungeyazaa. Hakumtusi mtu. Aliwakosoa wenzake kama mtaalamu anavyomkosoa mtaalamu.

Urafiki wake na Mboya haukufa kwa ajili hiyo. Lakini waraka haukubadilika pia. Ulikuwa umeandikwa ofisini na watu wachache, akiwemo mshauri wa kiuchumi kutoka Marekani, na ulipofika mbele ya umma ulikuwa tayari ni sera. Vijana wa Garissa na Lodwar hawakuulizwa. Hapa ndipo sifa ya Mboya inapokutana na upungufu wake. Aliwafungulia vijana milango ya vyuo na ya ofisi kwa mkono wake mwenyewe, kwa bidii ambayo haijapata mfano. Hakuacha sheria wala chombo ambacho kingewahakikishia waliokuja nyuma yao kiti mezani. Mlango uliofunguliwa na mtu hufungwa na mtu, na vijana wa mwaka wa 1959 walipopata viti, wengi wao walivikalia mpaka wakawa wazee.

Hesabu ya watoto

Kuna jambo jingine la wizara hiyo ambalo halizungumzwi sana, nalo labda ndilo linaloonyesha zaidi jinsi Mboya alivyotazama mbali. Sensa ya mwaka wa 1962 ilikuwa imehesabu watu milioni 8.6 nchini, na kuonyesha kwamba idadi hiyo ilikuwa ikiongezeka kwa takriban asilimia tatu kila mwaka. Karibu nusu yao walikuwa watoto. Wengi walifurahia takwimu hizo. Taifa kubwa ni fahari. Mboya na wachumi wake waliziangalia wakaona madarasa, vitanda vya hospitali na ajira zitakazotakiwa baada ya miaka 15.

Mwaka wa 1965 wizara yake iliwaalika wataalamu wa shirika la Population Council la Marekani kulichunguza suala hilo. Mwaka wa 1967 Kenya ikawa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kuanzisha mpango wa kitaifa wa upangaji uzazi. Lilikuwa suala nyeti mno. Mboya alikuwa Mkatoliki aliyelelewa na misheni, na baadhi ya wanasiasa walidai kwamba mpango huo ni njama ya kuwapunguza Waafrika.

Utekelezaji ulikwenda kwa mwendo wa kobe. Mwishoni mwa miaka ya sabini, mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa kwa wastani watoto wanane, kiwango kilichokuwa miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Utafiti wa afya wa mwaka wa 2022 ulikuta wastani huo umeshuka hadi watoto 3.4. Kati ya takwimu hizo mbili walizaliwa mamilioni ya Wakenya ambao tatizo lao la ajira lilikuwa limekwisha kutabiriwa kabla wazazi wao hawajaoana. Hata katika miaka ile ya sitini, wahitimu wa shule za msingi wasio na kazi walikuwa tayari wanajaa mijini, na mwaka wa 1966 wataalamu walikutana Kericho kulijadili jambo hilo hilo.

Julai 5, 1969

Umri uliokuwa baraka kwa Mboya ulianza kumletea maadui. Kenyatta alikuwa mzee na mwenye maradhi, na kila aliyeutamani urais alijua kwamba katibu mkuu wa KANU angeweza kungoja. Katika mkutano wa chama huko Limuru mwezi wa Machi 1966 Mboya alikuwa ametumiwa kumng'oa Odinga katika uongozi. Baada ya Odinga kuondoka na kuunda KPU, waliomtumia walianza kumwona yeye mwenyewe kuwa kizuizi. Alikuwa na marafiki wengi ng'ambo na wachache waliobaki kando yake nyumbani.

Jumamosi Julai 5, 1969, alirejea Nairobi kutoka mkutano wa kiuchumi mjini Addis Ababa, Ethiopia. Saa saba hivi za mchana aliingia katika duka la dawa la Chhani, barabara ya Government Road. Alipokuwa akitoka alipigwa risasi. Alikuwa na umri wa miaka 38. Obama, ambaye alikuwa amekutana na kuzungumza naye barabarani muda mfupi kabla ya hapo, alikuwa miongoni mwa waliotoa ushahidi mahakamani. Nahashon Isaac Njenga Njoroge alipatikana na hatia na kunyongwa Novemba mwaka huo. Swali la nani aliyemtuma halijajibiwa na mahakama yoyote.

Ibada ya wafu katika Kanisa Kuu la Holy Family iligeuka vurugu, polisi wakirusha vitoa machozi nje ya kanisa. Msafara wa maiti ulipita Bonde la Ufa hadi Nyanza, umati ukiwa umejipanga njiani. Oktoba mwaka huo, ziara ya Kenyatta mjini Kisumu iliishia kwa damu, KPU ikapigwa marufuku, na Odinga akazuiliwa. Mboya alizikwa Rusinga, ambapo kaburi lake limejengewa jumba lenye umbo la risasi.

Pamela Mboya aliishi hadi mwaka wa 2009, na kwa muda aliiwakilisha Kenya katika shirika la Umoja wa Mataifa la makazi. Kibaki alikuwa rais kati ya 2002 na 2013, na chini yake nchi ilizindua mpango mwingine wa muda mrefu, Ruwaza ya 2030, mwaka wa 2008. Waraka Nambari 10 ulipata marekebisho yake makubwa katika Katiba ya mwaka wa 2010. Katiba hiyo ilirejesha ugatuzi, ikaunda Hazina ya Usawazishaji kwa maeneo yaliyoachwa nyuma, na katika Kifungu cha 201 ikaagiza kwamba mzigo na faida za mikopo ya umma vigawanywe kwa haki baina ya kizazi cha leo na vizazi vijavyo.

Sanamu ya Mboya ilizinduliwa Oktoba 20, 2011, karibu na mahali alipoanguka. Government Road siku hizi huitwa Barabara ya Moi. Juni 2024 ilikuwa miongoni mwa barabara zilizojaa vijana waliokuwa wakiupinga Mswada wa Fedha, wengi wao wakiwa wamezaliwa miaka 30 na zaidi baada ya mauaji yake. Walikuwa wameusoma mswada huo kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za mama, na kupigiana hesabu za ushuru na madeni kwenye simu zao. Makumi yao waliuawa. Juni 26, siku moja baada ya vijana kuingia Bungeni, Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia saini mswada huo.